Bamama Wasomali wa Minneapolis na swali lililokosa wa kulijibu

Mwaka jana mama mdogo alinitumia audio ya dakika saba toka Iowa, Marekani. Alikimbia Bunia wakati wa vita ya Ituri, akaishi miaka mingi mu kambi ya Kyangwali, Uganda, na mwaka 2016 njo walimupeleka kule na familia yake. Mwaka ule Wakongomani zaidi ya 16,000 waliingia Marekani kama wakimbizi, kupita taifa lingine lolote. Mtoto wake wa tano alizaliwa kule. Ana miaka minne na hasemi. Ukimuita jina hageuki, lakini ukifungua robine jikoni anakimbia kuja kuangalia maji, na anaweza kuyaangalia saa nzima.

Mu ile audio mama mdogo hakulia. Alihesabu tu mambo ambayo watu walimuambia. Familia ya hapa Kisangani: amutafutie pasta, juu mtoto wa namna hii kuna mtu alimufunga. Mama mkwe: kosa ni lake, alikula kitu kibaya wakati wa mimba. Walimu wa kule: ni autisme, na karatasi nyingi za kusaini. Rafiki wa kanisa alimutumia video inayosema ni chanjo ya surua njo iliharibu mtoto, na asikubali wachanje kale kadogo kanakomufuata, kenye miezi kumi. Mwisho akasema: "Wewe ulisoma iniversite, niambie."

Mimi nilisoma agronomia. Ukiniuliza juu ya muhogo nitajibu. Lakini hakuwa na mwingine wa kuuliza, basi nikaanza kusoma, na kusoma kukanipeleka kwa bamama wengine waliopita njia hiyo hiyo mbele yake, Wasomali wa Minneapolis. Historia yao naiandika hapa juu najua mu association yetu wengi tuko na dada, shangazi, mama mdogo mu kambi ao ng'ambo, na audio kama ile inaweza kufika kwa simu ya kila mmoja.

Somalia ilivunjika mwezi wa kwanza 1991, wakati Siad Barre alikimbia Mogadishu. Watu walijaa mu kambi za Kenya, na kuanzia miaka ile Marekani ikaanza kuwachukua kidogo kidogo. Minnesota ni jimbo la kaskazini, linapakana na Canada, theluji inakaa chini miezi na miezi. Si pahali ambapo ungefikiri mtu wa Mogadishu atachagua. Lakini kazi ilikuwako mu viwanda vya nyama, ambako hawakuombi Kiingereza kingi, na Msomali mmoja alimuita mwenzake. Leo hakuna jimbo lingine la Marekani lenye Wasomali wengi kuliko lile.

Mu mji wa Minneapolis wengi walipanga mu kartie ya Cedar-Riverside, mu minara ya Riverside Plaza, iliyomalizika kujengwa 1973, mmoja unafika ghorofa 39. Hapo watu wanaonana mu lifti kila siku, na nafikiri bila ile lifti jambo hili lisingejulikana. Mama aliye peke yake na mtoto asiyesema anafikiri ni yeye tu, anaficha, anafunga mlango. Wale wa Cedar-Riverside walionana. Huyu ana mtoto anayepiga kichwa kwa ukuta, yule wa ghorofa ya juu naye ana mmoja, binamu yake naye.

Mwaka 2008 wakaanza kusema kwa sauti. Mu madarasa ya maternelle ya watoto wenye autisme, mu shule za serikali za Minneapolis, majina ya Kisomali yalikuwa mengi mno. Swali lao lilikuwa fupi: juu ya nini watoto wetu, na juu ya nini hapa? Walisema kwao Somalia hawakuona jambo hili. Kisomali hakikuwa hata na neno la kuliita. (Ndugu zetu wa Tanzania wanasema usonji. Huku Kisangani sijamusikia mtu akilisema. Tunasema autisme kama mu Kifaransa, ao hatusemi kitu.) Na hawakuwa peke yao. Stockholm, Sweden, bamama Wasomali walikuwa wanasema maneno yale yale, na mwaka huo huo wa 2008 watafiti wa kule walitoa hesabu yao: kati ya watoto wa Wasomali, autisme inayoenda pamoja na uzito wa akili ilionekana mara 3 hadi 4 kuliko kwa watoto wengine wa mji. Kuna Wasomali kule waliokuwa wanaiita ugonjwa wa Waswidi.

Serikali ya jimbo la Minnesota ilisikia. Mwezi wa tatu 2009 wizara yake ya afya ilitoa ripoti: kufuatana na mwaka, watoto wa Kisomali mu yale madarasa walikuwa mara 2 hadi 7 kuliko ambavyo ungetegemea. Lakini ripoti ikaongeza kwamba hii ni hesabu ya watoto walioandikwa mu madarasa tu, haionyeshi kama autisme yenyewe ni nyingi zaidi kwa Wasomali, na sababu haijulikani.

Kwa mtu wa sayansi jibu hili ni safi. Mimi mwenyewe ningeliandika hivyo. Kwa mama ambaye mtoto wake halali usiku, ni kama amefukuzwa kwa mlango kwa adabu. Hili nalijua toka shambani. Wakati wa staji tulifika mu kijiji kimoja kwa njia ya Yangambi, wakulima wakatuonyesha muhogo wenye majani yaliyokunjika. Tukachukua majani mu sashe, tukasema tutarudi na jibu. Kabla ya sisi kurudi, muchuuzi mmoja alipita na chupa za dawa ya wadudu, akawauzia. Dawa ile haiwezi kuponyesha mozaiki hata ukiimwaga pipa nzima. Lakini yule alikaa chini, akakunywa maji yao, akawaambia jina la ugonjwa na jina la dawa.

Kwa Minneapolis muchuuzi alifika pia. Mbele ya kumuleta, niseme kwanza kitu ambacho sikukijua, na ambacho kilinishangaza kuliko vyote. Mimi nilifikiri Wazungu wenyewe hawakuwa na mambo yetu ya kusema mama njo alifanya. Walikuwa nayo, na miaka si mingi.

Autisme iliandikwa kwanza Marekani na Leo Kanner, munganga wa Baltimore, mwaka 1943, kwa watoto 11. Kanner mwenyewe alikuwa mgeni, alizaliwa mu himaya ya Austria-Hungary na alifika Marekani 1924. Aliona kwamba watoto hawa walizaliwa hivyo, lakini pia aliandika kwamba wazazi wao walikuwa watu wa kusoma sana na wa moyo baridi, na ile sehemu ya pili njo watu walishika. Kisha akaja Bruno Bettelheim, mtu wa Vienna aliyepita mu kambi za Wanazi, Dachau na Buchenwald, kabla ya kukimbilia Marekani mwaka 1939. Aliongoza shule ya watoto wenye shida mu Chicago, na mu kitabu chake cha 1967 alifundisha kwamba mtoto anajifungia ndani yake juu mama hakumutaka. Wakawaita "mama frigo". Dawa yake ilikuwa kutenga mtoto na wazazi. Fikiri mama wa 1967, mwenye kusoma, mwenye gari, anatoka kwa munganga akiwa ameambiwa kwamba ni baridi yake iliyofunga mdomo wa mtoto. Mama mkwe wa mama mdogo wangu hakusoma Bettelheim, lakini wanapatana.

Waliovunja ile kitu walikuwa wazazi. Bernard Rimland, msaikolojia mwenye mtoto wa autisme, aliandika mwaka 1964 kwamba chanzo kiko mu ubongo, si mu mapenzi ya mama, na mwaka uliofuata akaanzisha na wazazi wengine shirika lao. Uingereza walikuwa wametangulia, 1962, na kati yao alikuwako Lorna Wing, munganga wa akili na mama wa binti mwenye autisme, ambaye utafiti wake ulipanua namna dunia inaielewa hadi leo. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawaambia anawaondolea kosa. Leo inajulikana kwamba sehemu kubwa ya chanzo ni ya kurithi, na kwamba mambo yanaanza mu ubongo mbele mtoto hajazaliwa.

Basi Wasomali walifika mu nchi ambayo ilikuwa imetoka kwa shida mu uongo mmoja juu ya bamama, na ikaingia mu mwingine, safari hii juu ya chanjo.

Mwezi wa pili 1998 munganga Mwingereza, Andrew Wakefield, alitoa mu gazeti la Lancet andiko juu ya watoto 12, akigusanisha autisme na chanjo inayokinga surua, matubwitubwi na rubela pamoja. Watoto 12 tu. Mu agronomia, ukileta majaribio ya miche 12 bila shamba la kulinganisha, profesa anakurudishia karatasi mbele ya watu wote. Baadaye mwandishi wa habari Brian Deer alifukua kwamba Wakefield alikuwa analipwa na avoka aliyetaka kushitaki wenye kutengeneza chanjo, na kwamba habari za watoto zilibadilishwa. Lancet ilifuta andiko mwezi wa pili 2010, na mwezi wa tano Uingereza ikamutoa mu orodha ya waganga wake.

Na hapo hapo, kati ya mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2011, alikwenda Minneapolis kukutana na wazazi Wasomali. Alikwenda zaidi ya mara moja.

Ni lazima tuwe wa haki: hofu haikuanza na yeye. Wazazi walikuwa tayari wanaogopa tangu 2008, na vikundi vinavyopinga chanjo vilikuwa tayari mu kartie. Na kuogopa kwao kulikuwa na akili ndani. Chanjo ile wanaipiga Marekani mtoto akiwa na miezi 12 hadi 15. Ni mu umri ule ule, kati ya mwaka 1 na 2, mama anaanza kuona kwamba mtoto haongezi maneno, ao anapoteza yale aliyokuwa nayo. Vitu viwili vinafuatana, basi cha kwanza kinaonekana baba wa cha pili. Mkulima wetu naye anaona mvua kubwa, wiki ya pili majani ya muhogo yanakunjika, anasema ni mvua. Kumbe mozaiki ilikuwa ndani ya kile kijiti alichopanda, tangu siku ya kwanza. (Mtoto si muhogo na autisme si mozaiki, mfano uishie hapo.) Kuvunja wazo hilo kunaomba kuhesabu watu wengi sana. Denmark walihesabu: mwaka 2002 watoto 537,303, na tena mwaka 2019 watoto 657,461. Waliochanjwa na wasiochanjwa, autisme ni sawa.

Lakini nani alibeba hesabu hizo hadi ghorofa ya 30 mu Cedar-Riverside, akakaa chini, akanywa chai? Mwaka 2004 watoto wa Wasomali wa Minnesota walikuwa wanachanjwa 92 kwa 100. Wakati ule walipita hata watoto wengine wa jimbo. Mwaka 2014 walibaki 42 kwa 100.

Mwaka 2011 mtoto mmoja wa miaka 2 na nusu alirudi toka safari ya Kenya na surua, na watu 21 wakaugua. Mwaka 2017 ilikuwa mbaya zaidi: wagonjwa 75 Minnesota, wengi wao watoto wa Kisomali wasiochanjwa, surua ikapita toka nyumba moja ya kulea watoto hadi nyingine. Hakuna aliyekufa, juu hospitali za kule ziko na kila kitu. Hapa kwetu tunajua surua inafanya nini pale hospitali haina kitu. Ile ya 2019, mu Congo yetu, iliua watu zaidi ya 6,000, karibu wote watoto. Ile video ya mama mdogo inazunguka pia mu simu za Mangobo na Kabondo.

Na swali la bamama? Mwezi wa kumi na mbili 2013, miaka mitano baada ya wao kuuliza, iniversite ya Minnesota ilitoa jibu la hesabu. Walichukua watoto wa Minneapolis wenye miaka 7 hadi 9. Kwa Wasomali, mtoto 1 kwa 32 alikuwa na autisme. Kwa Wazungu, 1 kwa 36. Kwa Weusi wasio Wasomali, 1 kwa 62. Kwa Wahispania, 1 kwa 80. Kati ya Msomali na Mzungu tofauti ni ndogo sana, haishikiki.

Magazeti mengine yaliandika kama vile bamama walikuwa wamekosea. Mimi nasoma ile hesabu kwa njia nyingine. Watoto wote wa Kisomali waliopatikana na autisme walikuwa pia na uzito wa akili, jambo ambalo halikuwa hivyo kwa vikundi vingine. Maana yake bamama waliona vizuri: watoto wao walikuwa na hali ngumu kuliko watoto wa jirani Mzungu mwenye jina hilo hilo la ugonjwa. Ao basi watoto wa Kisomali wenye hali nyepesi hawakuonekana na mtu, na hilo nalo si jambo dogo. Tena watoto wa mji walikuwa wanatambuliwa karibu miaka 5, wakati inawezekana kutambua kwa miaka 2. Miaka 3 inapotea, na ni ile ambayo mazoezi ya kusema na ya kucheza yanasaidia zaidi. Na juu ya "kwa nini hapa": hilo hadi leo halijajibiwa. Watafiti wa Sweden walifuata njia ya vitamini D, juu mtu mweusi mu nchi ya jua kidogo anakosa ile vitamini. Haikuthibitishwa kuwa chanzo.

Bamama hawakungoja. Idil Abdull, mama wa mtoto mwenye autisme na mmoja wa walioanzisha shirika la Wasomali juu ya jambo hili, alifika hadi kukaa mu kamati ya taifa inayoshauri serikali ya Marekani juu ya utafiti wa autisme. Mwaka 2013 bunge la Minnesota liliweka mu sheria kwamba bima ya serikali ya watu maskini ilipie matunzo ya mapema ya watoto hawa. Na baada ya surua ya 2017 wizara ya afya ilitumia zaidi wafanyakazi Wasomali wenyewe, na maimamu, kwenda kukaa na wazazi na kuongea Kisomali. Ilikuwa njia nzuri ila ilikuja nyuma. Mwaka 2024 surua ilirudi tena, wagonjwa 70, wengi watoto wa kartie zile zile. Kuaminiana kukishavunjika hakurudi kwa mwaka mmoja.

Narudi kwetu kidogo. Sheria ya Congo ya tarehe 10 januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inaazibu mtu anayemushitaki mtoto uchawi. Miaka mitatu mbele yake, 2006, Human Rights Watch ilikuwa imeandika juu ya watoto wa barabarani wa nchi yetu waliofukuzwa nyumbani kwa shitaka hilo. Mtoto asiyesema, mwenye kifafa, asiyemuangalia mtu mu macho, ni yeye wa kwanza kuonyeshwa kidole, na mama yake wa pili. Mara ngapi umesikia kifungu hicho kinatajwa hapa Kisangani mu chumba cha maombi? Tangu 2023 ile vita ya Wambole na Walengola ilijaza bamama wakimbizi mu mji huu, wengine wamekuja na watoto wa namna hiyo mgongoni. Nyumbani kulikuwa bibi wa kumushika mtoto wakati mama anakwenda shamba. Mu sayiti ya wakimbizi bibi hayuko, na jirani ni mtu ambaye umemujua jana. Hilo njo linafanana sana na Iowa, hata kama kule kuna lifti na robine.

Nilimujibu mama mdogo kwa audio tatu, juu moja haikutosha. Nilimuambia habari ya watoto 12 na ya watoto 657,461. Nilimuambia habari ya mama frigo, na pale alicheka, ni mara ya kwanza nilimusikia akicheka tangu mwanzo wa mambo haya. Nilimuomba asaini karatasi za shule, na atafute Wakongomani wengine wa mji ule wenye mtoto kama wake, juu hakuna namna asiwepo hata mmoja.

Akanirudishia baada ya wiki mbili. Kadogo kamechanjwa. Mtoto amepewa siku ya kuonana na munganga wa mambo hayo, ni miezi tisa ya kungoja. Amempata mama mmoja wa Uvira, wanaketi pamoja siku ya posho, watoto wao hawachezi pamoja lakini wanakaa chumba kimoja bila kulia. Kisha akanyamaza kidogo mu audio, nikasikia maji ya robine nyuma yake, akasema: "Sawa, si chanjo, si mimi. Sasa ni nini?"

Bado sijamujibu.